Nilivyompendekeza Bibi Ukungu

Karatu,
Jumapili, 11 Agosti 2024.

Mpendwa Resiato,

Takwenya. Nakuamkia kwa salamu uliyonifundisha wewe mwenyewe tulipokuwa kidato cha kwanza, ingawa najua huenda usiiitikie. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na yeyo mama yako na wote walioko bomani. Sinyati aliniambia kwamba yeyo alilazwa siku nne mwezi wa sita kwa ajili ya kifua, na kwamba sasa anatoka mwenyewe asubuhi kuota jua. Niliposikia hivyo nilishukuru. Mifugo je? Wanaotoka huko wanasema majani yamekauka mapema, na baridi ya mwaka huu haikuwahurumia ndama. Huku kwetu hatujambo kwa kiasi chake. Aayo, mama yangu, yuko Rhotia, miguu inamsumbua, lakini amevuna maharage yake ya ngwara na bado anagombana na jirani kwa ajili ya kuku. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu namba yangu umeifungia, na kwa hilo sina la kukulaumu. Sinyati siku hizi hupanda Endulen kila wiki kuuza shuka mnadani, nimemwomba akukabidhi mkononi. Nimeiandika barua hii mara tatu. Ya kwanza nilianza kwa kuomba radhi, nikaona najipaka mafuta. Ya pili nilianza kwa kueleza nilivyoteseka, nikaichana kabla sijafika chini ya ukurasa. Hii ya tatu nitakwenda na mambo yalivyofuatana, hata yale unayoyajua, ili mwenyewe uone ni wapi nilipoiacha njia.

Unakumbuka lile gazeti la katuni la Nesi Radi lililofika bwenini likiwa limechanwa kurasa nne za mwisho, mama wa maandazi amezifungia maandazi. Nesi Radi alikuwa ameachwa juu ya paa la zahanati, mafuriko yanapanda, na radi zimemwishia mikononi. Wasichana arobaini walitaka kujua alitokaje pale. Wewe ulisimama juu ya sanduku lako la bati ukawaambia. Ulisema wagonjwa aliowahi kuwatibu walifunga kanga zao moja hadi nyingine wakamvuta. Toleo lililofuata lilipokuja tukakuta wenye katuni wamemtoa kwa helikopta, na bweni zima likasema ya kwako ilikuwa bora. Mimi ndiye niliyeiandika kwenye daftari la jiografia ili isipotee. Tangu siku ile tuligawana kazi bila kupangiana. Wewe unatunga, mimi nawaambia watu wasome.

Ikaja na ile tamthilia ya Ghorofa ya Nne, ambayo matroni alituruhusu kuitazama bwaloni kila Jumamosi kama sahani zimeoshwa. Ulimpenda Zuhura, yule mpangaji mnyonge ambaye kila mtu humpa lawama. Mimi nilimpenda mwenye nyumba, kwa sababu alivaa vizuri. Wewe ulisema tamthilia inamnyima Zuhura maneno, ukaanza kumwandikia maneno yake. Madaftari hayo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoanzisha lile Jamvi la Mashabiki kwenye WhatsApp, tukiwa watu tisa, na baadaye likahamia Facebook likafika watu elfu sita, sikufanya jambo jipya. Nilikuwa naendelea na kazi ya bwenini. Kila Ijumaa niliandika Nilichokipenda Wiki Hii, nikachagua hadithi moja kati ya zile ambazo mashabiki wametunga kutokana na tamthilia au katuni, nikaeleza kwa nini isomwe. Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote, na nataka uniamini hapo. Nilimpendekeza fundi cherehani wa Bashay aliyempa mwenye nyumba wa Ghorofa ya Nne ndugu pacha aliyekufa mdogo, na ghafla ukaelewa kwa nini yule mzee hula chakula kwenye sahani mbili. Nilimpendekeza mwalimu wa Mbulu aliyemfanya Nesi Radi azeeke, awe bibi anayewasha jiko kwa kidole na wajukuu hawashangai. Watu waliniandikia kwamba wamelia, kwamba wamesoma kwa sauti mezani. Nilijua kuchagua. Ningeweza kukutafutia hadithi nzuri katikati ya takataka mia, na ndiyo maana sina udhuru wa kusema sikujua thamani ya kile ulichoniletea.

Lakini nimeruka. Kabla ya hapo kulikuwa na usaili. Tulimaliza cheti cha hoteli pamoja, tukaitwa pamoja kule lodge ya ukingoni mwa kreta, nafasi moja ya mapokezi. Ulivaa viatu vyangu vyeusi kwa kuwa vyako vilikuwa vimeachama. Waliniuliza kwa Kiingereza ningefanya nini mgeni akikuta chumba kinavuja, nikakwama kwenye neno la kwanza. Wewe ulijibu, ukawachekesha, na ulipotoka ukazungumza Kimasai na walinzi mpaka mmoja akakuita binti wa kaka yake. Karani aliniambia pembeni kwamba nimekuwa wa pili na jina langu litabaki faili, nafasi ikitokea wataniita. Nikarudi Karatu kwenye duka la stationery, kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa na kupiga picha za pasipoti. Nilikupikia pilau ya kukupongeza. Uliisifu, nami niliitafuna kama majivu.

Julai ya mwaka jana ulianza kunitumia hadithi vipande vipande, ukiandika saa za mapumziko nyuma ya jiko la lodge ambako mtandao unashika. Zuhura ameondoka Ghorofa ya Nne, amepanda basi mpaka nchi ya baridi, amepata kazi kwenye hoteli iliyo juu ya bonde kubwa. Meneja wa hoteli hupita koridoni akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Mluzi ukikatika, msichana aliye karibu anajua zamu ni yake. Huitwa stoo ya mashuka, eti wakahesabu mashuka, na ufunguo wa stoo ni mmoja. Wasichana wanaotoka humo hawatazamani. Zuhura anamwita Nesi Radi, na Nesi Radi anakuja kweli, anasimama uani na kuinua mikono, lakini ukungu wa huko umelowesha kila kitu na radi haiji. Anaketi kwenye ngazi akilia. Anamwambia Zuhura, "Mimi nimechorwa tu. Mwenye sauti ni wewe." Na kipande cha mwisho ulichonipa kilimwacha Zuhura mlangoni pa ukumbi wa chakula, wageni wameinua vichwa, yeye amefungua mdomo.

Nilikuuliza kama meneja huyo yupo. Kesho yake ukaandika, "Ni mambo ya tamthilia, Germana. Wewe ipendekeze tu." Kwa miaka yote niliyokufahamu, uliponijibu kwa mkato nilijua kuna jambo. Safari hii niliamua kutojua. Meneja Nelson nilimwona siku ya usaili, alinivutia kiti na kuniuliza habari za wazazi. Nikajiambia kwamba Resiato ana kazi ambayo wengine tungeifanya kwa magoti, na bado anatafuta la kulalamika.

Ulijiita Bibi Ukungu. Tulioijua siri tulikuwa wawili, mimi na Nalangu wa usafi wa vyumba, ambaye ulimsomea vipande hivyo mkikunja taulo.

Pendekezo la kwanza nililiandika kwa moyo mweupe. Nilisema kwamba katika miaka mitatu ya kuchagua sijakutana na kitu kama hiki, kwamba mwandishi amewatoa watu wawili kwenye tamthilia na katuni akawapa miili, na kwamba msomaji asisome akiwa peke yake. Ndani ya siku tatu hadithi ilisambazwa kuliko zote tulizowahi kuweka. Kila mtu aliuliza Bibi Ukungu ni nani. Wengine walisema jamvi lote sasa ni la Bibi Ukungu. Na mtu mmoja, simjui, aliandika kwamba yule dada mpendekezaji naye hutunga, ila hadithi zake zinasomeka kama tangazo la kukatika maji. Watu mia mbili na kumi walicheka chini ya maneno hayo. Wewe pia uliniletea alama ya kucheka, kwa utani. Najua ilikuwa utani.

Ijumaa ya tarehe nane Septemba niliandika kwamba Bibi Ukungu ni binti wa Endulen anayekaa mapokezi ya lodge moja ukingoni, na kwamba anaandika anachokiona. Binti wa Endulen kwenye mapokezi ya ukingoni alikuwa mmoja. Ulinipigia baada ya nusu saa. Nikafuta, nikakwambia vidole vimeteleza, nilikuwa naandika na wateja wamesimama mbele yangu. Ulivuta pumzi, ukasema, "Vidole vyako vina haraka, rafiki yangu." Hapo ulikuwa umenisamehe, na haikukuchukua hata dakika moja.

Jumatatu wakakuita ofisini. Baadaye ulinieleza kwamba juu ya meza kulikuwa na hadithi yako yote, imechapwa, imebanwa pini pembeni. Meneja hakupiga kelele. Alikuuliza kama unajua maana ya kuchafua jina la kampuni, ukasainishwa karatasi, na mlinzi yule yule aliyekuita binti wa kaka yake akasimama akikutazama unavyokunja nguo. Uliuliza aliyezileta karatasi, hukujibiwa. Ulihesabu walioijua siri ukapata wawili, na kati ya wawili hao ulinichagua mimi kuwa mwaminifu. Ulipokuwa unatoka ulimkuta Nalangu mlangoni pa jikoni mbele ya wafanyakazi wote, ukamwambia, "Umeniuza." Ulinisimulia hayo ukiwa chumbani kwangu hapa Karatu, umelala kitandani kwangu, na mimi nimekushika mkono.

Ulijaribu lodge nyingine tatu, na kila mahali walikuwa wamekwisha kupigiwa simu. Ukarudi Endulen.

Wiki ya pili ya Oktoba waliniita mimi. Nilikwambia kwa simu, nikajitetea kwamba kazi haina mwenyewe, kwamba nisingeikubali wangempa mtu mwingine. Ulikata simu, na tangu hapo namba yako haiiti kwangu.

Sasa nitakueleza usiyoyajua.

Nilikaa kwenye kile kiti chako miezi saba. Nilijifunza kuwapa wageni taulo za moto na kuwaambia bonde linaonekana vizuri zaidi asubuhi. Mluzi niliusikia wiki ya kwanza. Nilikuwa naandika majina kwenye kitabu cha wageni, nikasikia ule wimbo unakuja koridoni, na mkono wangu ukasimama wenyewe juu ya karatasi. Mluzi ulikatika mbele ya ofisi ya mhasibu, kwa msichana anayeitwa Nailantei. Alikwenda. Aliporudi aliniuliza kama kuna barua za kupeleka mjini, hakunitazama. Nilijua, Resiato. Nilijua wiki ya kwanza, na nilikaa miezi saba nikiwapa wageni taulo.

Nalangu alikuwa anakula peke yake. Tangu ulipomwambia vile, hakuna aliyemkaribisha meza ya wafanyakazi. Alikuwa anachukua sahani yake na kusimama nyuma ya jiko, kwenye baridi. Siku moja alinikuta hapo nikitafuta mtandao. Aliniambia tu kwamba uliwahi kusimama mahali hapo hapo, akaendelea kula.

Mwezi wa tano, mchana, wageni wametoka wote kwenda kushuka kreta, mluzi ukakatika kwenye meza ya mapokezi. Meneja aliniambia kuna upungufu wa mashuka ya chumba cha sita na anahitaji mtu wa kuandika. Nilisimama nikachukua kalamu. Mpaka leo sielewi kwa nini nilichukua kalamu. Stoo ile uliieleza sawasawa, rafu zinafika darini, na harufu ya sabuni inakaba koo. Alifunga mlango, akaweka ufunguo mfuko wa shati. Alinisukuma kwenye rafu akanishika shingoni, na maneno aliyoyasema nitakueleza mbele kidogo, maana kwayo ndiyo naandika barua hii. Nilifungua mdomo kama Zuhura wako, na hakuna kilichotoka.

Aliyenitoa ni Nalangu. Aligonga mlango kwa mpini wa fagio akidai taulo za chumba cha tisa. Meneja alimjibu asubiri. Akagonga zaidi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bustanini kwamba hasubiri, mgeni amesimama uchi. Mgeni hakuwepo. Hakukuwa na mtu chumba cha tisa. Mlango ulipofunguliwa alinishika mkono mbele ya meneja akanipeleka jikoni, akanipa chai. Nilimuuliza kwa nini amefanya vile kwa ajili yangu. Alisema, "Resiato sikumgongea. Nilipita na ndoo yangu, nikasikia, nikaenda zangu." Kisha akaosha vikombe.

Wiki iliyofuata tuliomba ruhusa siku moja, tukashuka Arusha kwenye makao makuu ya kampuni, mimi na Nalangu na Nailantei. Mama mmoja wa utumishi alitusikiliza kwa adabu, akaandika. Tulimwonyesha na hadithi yako. Aliisoma yote pale pale, akavua miwani, akasema kwamba ni hadithi nzuri lakini ni habari ya watu wa kwenye televisheni. Baada ya wiki tatu jibu likaja. Meneja Nelson amehamishiwa kwenye lodge yao nyingine huko Serengeti, kwa cheo kile kile. Walimfanyia karamu ya kumuaga na Nalangu akatandika meza. Mimi mkataba wangu haukuendelezwa. Nimerudi stationery, kwenye mashine ile ile.

Hatukuishia hapo. Kuna dawati la jinsia hapa, na askari anayeitwa Laurencia alichukua maelezo yetu watatu. Alisema faili limefunguliwa na halifungwi kwa sababu mtu amehama. Alisema pia kwamba yako wewe ndiyo ya kwanza na ndiyo nzito, na kama huwezi kuja Karatu anaweza kukufuata huko. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sikuombi umpigie. Sina mahali pa kusimama nikakuomba jambo.

Sasa yale maneno ya stoo. Aliniambia, "Wewe usijifanye. Wewe ndiye uliyeniletea zile karatasi, kwa hiyo wewe ni mtu wangu."

Alisema kweli. Nilizileta mimi.

Lile tangazo la Ijumaa nililolifuta halikukufukuzisha. Pale lodge hakuna aliyeliona, wala Meneja Nelson hasomi mambo ya katuni. Nilipoona Jumamosi imefika na bado uko kazini, nilifungua duka mapema, nikatoa hadithi yako kwenye mashine, kurasa kumi na nne, nikazibana pini kama ninavyobana vyeti vya watu. Pendekezo la kwanza, lile nililoliandika kwa moyo mweupe, niliweka juu kama jalada, ili aone jinsi watu wengi wanavyoisoma. Chini ya ukurasa wa mwisho niliandika jina lako kwa mkono, jina lako na la baba yako. Nikatia kwenye bahasha, nikampa Loserian dereva aliyekuja kuchukua risiti za lodge, nikamwambia ni za meneja binafsi. Meneja alimuuliza Loserian bahasha imetoka wapi, na Loserian hakuwa na sababu ya kuficha.

Kwa hiyo Nalangu hakukuuza. Ulimwambia neno lile mbele ya watu na amelibeba miezi kumi na moja, naye hakuwahi kusema kwamba kati ya wawili anabaki mmoja. Nilimwambia ukweli kwenye basi tulipokuwa tunashuka Arusha. Alitazama dirishani kuanzia Mto wa Mbu mpaka Makuyuni. Halafu akaniambia kwamba nitakuandikia mimi au atakuandikia yeye, nichague. Kwa hiyo hata barua hii usiihesabu kuwa wema wangu. Ameningoja miezi miwili.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na kila nikijibu naona nimechagua jibu linalonipendeza. Ningeweza kusema ni kile kiti cha mapokezi. Ningeweza kusema ni yule mtu wa tangazo la maji. Yote yamo. Lakini nikisema kweli yote, nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuonyesha kidole. Tangu bwenini watu walitazama nilikoonyesha, na siku zote kule alikuwepo wewe. Nilitaka siku moja nionyeshe kidole na uondoke.

Ijumaa iliyopita niliyaandika haya kwenye Jamvi, bila kutaja jina lako wala la lodge, nikataja la kwangu. Nilieleza nilivyomuuza mwandishi niliyempendekeza, kisha nikajiuzulu, jamvi nikamwachia yule mwalimu wa Mbulu. Nilidhani watanitukana, na wachache walinitukana. Wengi waliidhani ni hadithi. Mmoja alisema imeandikwa vizuri kuliko zangu zote, ila mhusika mkuu anachukiza, akauliza sehemu ya pili inatoka lini.

Hadithi yako nimeiondoa, maana haikuwa yangu kuendelea kuitandaza. Wanaoulizia mwisho wake nimewaambia kwamba mwenyewe yupo, na kama hataki kuutoa hana deni kwa mtu. Madaftari ya shule nimeyafunga kwenye mfuko, Sinyati atakupa pamoja na barua. Kuna moja nililichoma mwaka jana mwezi wa tisa, lile la jiografia. Nakwambia ili usilitafute.

Sitegemei unijibu. Sinyati nimemwambia akishakukabidhi aende zake mnadani, asikusimamie ukisoma. Nalangu anakusalimu na anasema atakuja Endulen mwenyewe mvua zikianza, umruhusu au usimruhusu. Nailantei hakujui, lakini ameomba nimtaje. Aayo anakusalimu sana, bado anauliza kwa nini siku hizi huji, nami bado sijamjibu.

Msalimie yeyo. Alikuwa akiniita mwanangu, na kila nilipokuja kwenu likizo alinipa maziwa ya kibuyu chake mwenyewe. Lakini naomba umsomee kwanza barua hii yote, umtafsirie mpaka mwisho bila kuniruka mahali. Halafu ndipo umwulize kama salamu zangu anazipokea.

Ni mimi niliyekuwa mwenzako,
Germana